Kahawa ya Kusimama na Kahawa ya Kukaa

Yako madai yaliyorudiwa mara nyingi hata yakakaribia kuhesabiwa kuwa elimu, nayo ni kwamba mazoea ya kunywa kahawa katika pwani ya Kismayu na visiwa vya Wabajuni ni urithi ulioachwa na Waitaliano. Tumeyasikia kwa wasafiri, tumeyasikia kwa wanafunzi wetu, na la kusikitisha zaidi tumeyasikia kwa baadhi ya walimu wenzetu, ambao wakiulizwa habari za pwani hiyo hutaja mambo mawili tu: baasto na kahawa. La baasto hatuna ugomvi nalo. Tambi hizo ziliingia kweli kwa mkono wa Mwitaliano, na jina lake katika Kisomali latokana na neno lake mwenyewe, pasta. Lakini la kahawa lataka kupimwa, kwa sababu anayelikubali bila kulipima huwa amelikubali pamoja nalo jambo kubwa zaidi: ya kwamba watu wa pwani ile hawakuwa na baraza, wala mazungumzo ya jioni, wala adabu ya kumkirimu mgeni, mpaka walipofundishwa na mtawala.

Tuanze na hesabu ya miaka. Kismayu, mji ambao wengi hulifasiri jina lake kuwa ni kisima cha yuu, yaani cha juu, kwa matamshi ya lahaja za kaskazini, ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar katika karne ya 19. Majeshi ya Khedive Ismail wa Misri yalipouteka kwa muda mfupi mwaka 1875 yaliwakuta humo askari wa Sultani. Baadaye mji ukawa wa Waingereza. Waitaliano, ambao tayari walikuwa wakitawala Barawa, Marka na Mogadishu, hawakuvuka Mto Juba kuutawala Kismayu mpaka mwaka 1925, walipopewa nchi ya ng'ambo ya mto kuwa malipo ya kujiunga kwao na Waingereza katika Vita Kuu vya Kwanza. Mwezi wa Februari 1941 wakafukuzwa. Mwaka 1950 wakarudi kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, wakakaa miaka 10 hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1960. Ukijumlisha yote, utawala wao katika Kismayu haufiki miaka 26. Mtoto aliyezaliwa siku bendera yao ilipopandishwa mara ya kwanza alikuwa kijana wa miaka 35 iliposhushwa mara ya mwisho, na sehemu ya ujana wake aliipitisha chini ya bendera nyingine.

Kabla ya hapo je? Wageni wa Kizungu waliofika katika jumba la Sultani wa Zanzibar katika karne hiyo ya 19 waliandika, mmoja baada ya mwingine, kwamba walikalishwa kitako, wakaletewa kahawa katika vikombe vidogo, kisha sharubati. Hiyo ndiyo iliyokuwa adabu ya dola iliyokuwa na askari wake Kismayu. Na majahazi yaliyopakia boriti za mikoko ya pwani ile kuzipeleka Arabuni hayakurudi matupu. Bahari iliyokuwa ikileta tende na chumvi haikuhitaji ruhusa ya Roma kuleta gunia la buni.

Lugha nayo ni shahidi, tena shahidi asiyenunulika. Kahawa ni qahwa ya Kiarabu, na buni ni bunn ya Kiarabu. Kisomali kina bun kwa tunda na maqaaxi kwa mahali pa kunywea, neno la mzizi uo huo uliotupa sisi kahawa na hatimaye mkahawa. Lau kahawa ingeingia pwani ile pamoja na Mwitaliano, hapana shaka ingekuja na jina lake, kama baasto ilivyokuja na jina lake. Haikuja nalo, kwa kuwa ilimkuta mwenye nyumba amekwisha kukaa. Tena si wenyeji wote walioinywa. Miongoni mwa Wasomali, buni hukaangwa nzima katika samli au mafuta ya ufuta, ikatafunwa pamoja na mafuta yake. Na Waborana wa bara wana desturi inayofanana na hiyo. Huu ni ustaarabu wa kahawa ambao Ulaya haikupata kuuonja. Nasi tunaosema habari za utamaduni wa kahawa twausahau, kana kwamba utamaduni huanza pale tu kinapopatikana kikombe chenye sahani.

Hapa twaomba kuweka mabano madogo kwa ajili ya walimu. Neno mbuni humtaabisha mwanafunzi bure. Liko la mti wa kahawa, liko la ndege mkubwa asiyeruka, liko la mtu mwenye kubuni. Mkahawa nalo, kwa kanuni ya mchungwa na mwembe, lingeweza kabisa kuwa mti. Matumizi ndiyo yaliyoamua liwe nyumba. Na nyumba yenyewe imekwisha kubadilika, maana mwanafunzi wa leo wa Nairobi au Dar es Salaam akiulizwa mkahawa ni nini atajibu kwamba ni mahali pa kula chipsi. Kahawa imetoka ndani ya neno, limebaki ganda.

Tusije tukadhaniwa kwamba twamchukia Mwitaliano au kahawa yake. La hasha. Haki ya uhakiki ni kumpa kila mtu chake, na alicho nacho Mwitaliano si kidogo. Yeye hana mashamba ya kahawa ya kutajika, wala Mbajuni hana. Wote wawili ni wanywaji wa mti wa watu wengine, na chimbuko la mti huo ni milima ya Uhabeshi. Alichobuni Mwitaliano si kinywaji, bali ni namna ya kukipata. Mwaka 1884 Angelo Moriondo wa Turin aliandikisha mtambo wa kutengeneza kahawa kwa mvuke. Luigi Bezzera wa Milano akauboresha mwanzoni mwa karne ya 20. Na Achille Gaggia, mnamo miaka ya 1938 hadi 1948, akaja na mtambo wa kusukuma maji kwa nguvu ya mkono na springi badala ya mvuke, ndipo likapatikana lile povu la rangi ya dhahabu ambalo leo huhesabiwa kuwa ndiyo alama ya espreso. Unga wa gramu saba hivi, maji ya moto yasukumwayo kwa kani kubwa, nusu dakika haijatimia, funda mbili au tatu, basi. Mtu huinywa amesimama mbele ya meza ndefu, hulipa, huondoka. Akitaka kukaa atatozwa zaidi, na bei zote mbili huandikwa ukutani. Asubuhi huongeza maziwa yenye povu, nayo ndiyo kapuchino, iliyopewa jina la watawa Wakapuchini kwa rangi ya kanzu zao. Lakini akikuona waiagiza baada ya chakula cha mchana atakutazama kama sisi tunavyomtazama mtu anayekula pilau kwa uma.

Yote hayo ni mazuri, na tena yana siri ya kijamii. Ile kasi si ukosefu wa adabu. Katika Napoli kuna desturi ya mtu kulipia vikombe viwili akanywa kimoja, cha pili kikabaki kwa maskini asiyemjua. Huo ni ukarimu usiotaka kuonana uso kwa uso. Kwetu mambo ni kinyume. Muuza kahawa hupita na dele lake la shaba juu ya makaa, akiligongesha kombe kwa kombe ili asikike kabla hajaonekana. Kahawa yenyewe ni chungu, wengine huitia tangawizi au iliki, nayo hufuatana na kashata au halua au kokwa ya tende. Mmoja katika baraza akiwalipia wenzake, kila mtu amemwona. Ukarimu wetu huhitaji uso. Hatusemi kwamba upi ni bora. Twasema si kitu kimoja, na anayeuita mmoja kuwa ni mtoto wa mwingine hajautazama hata mmoja.

Waitaliano wenyewe, wale wa zamani waliokuwa na adabu ya kumbukumbu, hawakudai kuwa wao ndio chanzo. Prospero Alpini, tabibu aliyekaa Misri, alipochapisha kitabu chake cha mimea ya nchi hiyo mwaka 1592, aliielezea kahawa kuwa ni kitu cha huko. Na gazeti maarufu la ndugu Verri na wenzao wa Milano, lililotoka kati ya mwaka 1764 na 1766 kwa jina la Il Caffè, liliyaweka mazungumzo yake katika duka la Mgiriki wa kubuniwa aitwaye Demetrio, ambaye waandishi walimpa historia ya kukaa Mokha. Ndiyo kusema kwamba watu waliotaka kuisomesha Italia elimu mpya walimwona mtu aliyetoka bandari ya Yemen kuwa ndiye mwenye kufaa kuwakaribisha wasomaji. Hata birika la nyumbani alilolitoa Alfonso Bialetti mwaka 1933, ambalo liko karibu katika kila jiko la Italia, laitwa Moka. Mbajuni aliyepata kuliona birika hilo na kulisikia jina lake alikuwa akitajiwa bandari ya bahari iliyo jirani na yake.

Katika fasihi, tamthilia ya Carlo Goldoni ya mwaka 1750, La bottega del caffè, yafaa kusomwa na kila mwalimu anayefundisha tamthilia, hata kwa tafsiri. Mambo yote hutendeka katika kiwanja kidogo cha Venice, mbele ya duka la kahawa la Ridolfo, mtu mwadilifu anayejaribu kumwokoa kijana Eugenio na nyumba ya kamari iliyo jirani. Adui si mcheza kamari. Adui ni Don Marzio, bwana wa heshima ambaye kazi yake ni kukaa, kunywa, na kueneza habari asizozijua. Mtu huyu twamfahamu vizuri sana. Hakuna baraza lisilokuwa naye. Lakini mtu akitaka kuihamishia tamthilia hiyo Kismayu au Lamu atagonga mwamba mahali ambapo hakutazamia. Goldoni ampa muuza kahawa nyumba, na mwenye nyumba ana uwezo wa kuwa hakimu: duka ni lake, na mwishoni mfitini hulazimika kuuhama mji. Muuza kahawa wetu hana nyumba. Yeye ndiye mpitaji, na baraza ni la wakaaji. Husikia yote, wala hana mamlaka juu ya lolote. Akichukizwa na fitina, yeye ndiye atakayejitwika dele lake aondoke. Basi mfasiri hana budi kuunda upya muhimili wa mchezo, na mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba duka la kahawa la Kiitaliano na baraza la Kiswahili ni sawasawa atakuwa amewanyima somo zima.

Mtego mwingine wa tafsiri uko katika neno fupi kabisa. Mahali ambapo Mwitaliano hunywa kahawa yake ya asubuhi hupaita bar. Mfasiri mvivu ataandika baa, naye atakuwa amemtuma bibi kizee wa Kiitaliano, na mtoto wake wa shule, kwenda ulevini saa moja ya asubuhi. Kosa hilo likifanywa juu ya Kismayu, mji wa Waislamu, si la kuchekesha tena. Mtu akisoma kwamba wazee wa mji walikuwa wakikutana baa, heshima yao imekwisha potea kwa herufi tatu. Tafsiri yake ni mkahawa, na kama twahitaji kutofautisha, tuseme mkahawa wa Kitaliani.

Liko na jambo ambalo wapendao kuisifu kahawa ya enzi ya Waitaliano hulipita kimya. Mwaka 1935 Italia iliivamia Uhabeshi, nchi ya asili ya kahawa, na Kismayu ilikuwa ndani ya koloni ambalo sehemu ya majeshi yake yalianzia safari humo. Shirikisho la Mataifa likaiwekea vikwazo mwezi wa Novemba mwaka huo, na serikali ya Mussolini ikaingia katika siasa ya kujitegemea. Kahawa ikaadimika Italia kwenyewe, na watu wakafundishwa kunywa shayiri iliyokaangwa na mizizi ya chikori. Kwa hiyo wakati uleule ambao Mbajuni anasemekana kufundishwa kahawa na mtawala wake, mama wa mtawala huyo huko nyumbani alikuwa akichemsha shayiri.

Tulipata kuyazungumza haya Mombasa, kwenye baraza moja la Mji wa Kale, pamoja na mzee aliyezaliwa Chovai ambaye vita vya mwaka 1991 vilimhamisha kama vilivyowahamisha wengi wa Koyama na Chula. Mmoja wetu, kwa nia njema, alimwuliza kama yeye na wenziwe bado waipenda kahawa ya Kitaliani. Mzee akamtazama kitambo. Akasema kwao kisiwani hapakuwa na muuza kahawa wa kuzunguka. Kahawa ilipikwa nyumbani, akapewa mtoto aipeleke pwani palipokuwa na chombo kinachotengenezwa, na mtoto aliyeimwaga alirudi nyumbani akilia. Kuhusu Mtaliani alisema aliwaona mjini Kismayu alipokuwa kijana.

"Mtaliani hunywa kahawa kama mtu anayengojwa," akasema. "Sisi ndio tunaongojea."

Hatukumwelewa upesi. Kungojea upepo, kungojea maji kujaa, kungojea chombo kirudi. Na siku hizi, kwa wengi wao, kungojea karatasi. Hapo ndipo swali hili lisilo na uzito linapopata uzito wake. Mpaka uliochorwa mwaka 1925 uliwakata Wabajuni vipande viwili hapo Ras Kiamboni: wa kaskazini kwa Mwitaliano, wa Kiunga na Faza kwa Mwingereza. Ni watu wamoja, wa lahaja moja, wengine huiita Kibajuni, wengine Kitikuu. Wale wa Somalia waliofika Uingereza kuomba hifadhi kuanzia miaka ya 1990 walitakiwa kuthibitisha kwamba hawakutoka upande wa Kenya. Wakaulizwa majina ya visiwa, vyakula, samaki, na usemi wao ukasikilizwa na kupimwa. Mtu akitazama kipimo cha namna hiyo kwa macho ya madai tuliyoanza nayo, atatarajia nini? Atatarajia Mbajuni wa Somalia awe na harufu ya Italia. Aliyezaliwa kisiwani, asiyepata kuingia mkahawa wa Kitaliani hata siku moja, akieleza kahawa ya dele na tangawizi ataonekana kuwa mtu wa Lamu. Naye atakuwa amesema kweli tupu. Maneno machache ya kigeni yaliyopokewa kaskazini ya mpaka yapo, na mtaalamu wa lahaja anayajua na kuyatumia kwa uangalifu. Lakini desturi haikukatwa na ule mpaka, na kuifanya kahawa iwe alama ya utawala ni kumtaka mtu atoe ushahidi wa jambo ambalo halikutokea.

Lawama nyingine twajitwika sisi wenyewe. Ramani nyingi zinazotundikwa madarasani kuonyesha nchi za Waswahili huanzia Lamu kushuka kusini. Barawa yenye Chimwiini chake, Kismayu, na mfululizo wa visiwa hadi mpakani huachwa nje, na kinachoachwa nje huokotwa na msimulizi wa kwanza apitaye. Hatuwezi kuwalaumu wasafiri kwa kuitia Italia mahali ambapo sisi tumeacha pakiwa patupu.

Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliandikisha utamaduni wa kahawa ya Kituruki katika orodha yake ya urithi wa binadamu, na mwaka 2015 likaandikisha kahawa ya Kiarabu kuwa ni alama ya ukarimu, kwa maombi ya Oman, Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu. Mwaka 2022 Italia nayo ilitangaza kuipendekeza espreso yake. Kila taifa limeleta kikombe chake mezani. Mwenye kuisoma habari ya kahawa ya Kiarabu ataona mambo anayoyafahamu: mgeni kuanziwa, kikombe kidogo kisichojazwa, mzee kutangulizwa. Sehemu ya adabu hiyo ilifika Kismayu na visiwani kwa matanga, si kwa meli ya Napoli, na wanaoikumbuka jinsi ilivyokuwa Chovai na Koyama wako Mombasa, Malindi na London, wakiwa na umri mkubwa. Walimu walio karibu nao wanayo kalamu. Mzee wetu wa Mombasa, tulipoaga, alitulipia sote vikombe vyetu, akakataa kabisa kurudishiwa, na akatuuliza kwa nini tumeinuka mapema hivyo.